Ni Nani Achaguaye Timu ya Taifa? Habari za Mbeya na Iringa

Neno "taifa" ni neno kubwa, na anayelitia juu ya fulana ya mchezaji hana budi kujiuliza lina upana gani. Wachezaji kumi na mmoja hawawezi kuwa watu wote wa nchi. Hilo halina mabishano. Walakini wachezaji hao wamechaguliwa na mtu, na mtu huyo alikuwa amesimama mahali fulani alipowatazama, na mahali hapo palikuwa na upeo wake. Makala haya yanakusudia kuitazama historia ya uchaguzi wa timu ya taifa ya Tanzania, wa wachezaji na wa mwalimu wao pia, kutoka upande ambao aghalabu hautazamwi: Nyanda za Juu za Kusini, yaani Mbeya na Iringa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni mwendo wa kilomita 830 hivi kwa barabara, na Iringa i njiani. Umbali huo umo katika habari yetu tangu mwanzo hadi mwisho.

Chama cha mpira cha Tanganyika kiliundwa mwaka 1930. Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza, lilikuwa limekwisha kuanza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda peke yao; Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Wengi wa vijana wa leo hawajui kwamba Tanganyika ililitwaa kombe hilo mara tatu mfululizo, mwaka 1949, 1950 na 1951. Siku hizo Mbeya na Iringa zilikuwa ndani ya jimbo moja, Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini, na makao yake makuu yalikuwa Mbeya. Mpira ulifika huko kwa njia zile zile ulizofika kwingineko: shule za serikali na za misheni, askari, makarani na kazi za ujira. Vijana wa Rungwe walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, wilaya ya Chunya, katika miaka ya 1930, na wengine wakavuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Copperbelt. Palipo na vijana wengi wa kazi, na saa moja ya jua baada ya kengele ya jioni, mpira haukawii kufika.

Basi mchezo ulikuwako. Jicho la kuutazama ndilo lililokuwa mbali. Chama kilikaa Dar es Salaam, meli zilitia nanga Dar es Salaam, magazeti yalipigwa chapa Dar es Salaam, na vilabu viwili vilivyokuja kuugawa moyo wa nchi nzima vilizaliwa huko huko: Yanga mwaka 1935, na mwaka uliofuata kile kilichoitwa baadaye Sunderland, ambacho kilijipa jina la Simba mwaka 1971. Sidhani kwamba palikuwa na mtu aliyeketi akaamua kuwasahau watu wa nyanda za juu. Kusahau hakuhitaji uamuzi.

Hapa yafaa tutoke nje ya mipaka yetu kidogo, maana desturi ya kuchagua timu ya taifa hatukuibuni sisi. Katika Uingereza yenyewe, ulikotoka mchezo huu, timu ya England kwa muda mrefu ilichaguliwa na kamati. Walter Winterbottom alikuwa mwalimu wa timu hiyo tangu 1946 hadi 1962, lakini mkono wake haukuwa huru: wazee wa kamati walikaa, wakahesabu majina, kila mmoja akiwa na kijana wake moyoni. Alf Ramsey alipoitwa kushika kazi hiyo alitoa sharti moja, kwamba mwenye kuchagua wachezaji awe yeye peke yake. Akakubaliwa, na mwaka 1966 England ikatwaa Kombe la Dunia. Brazil nayo ilipata msukosuko wake. Miezi michache kabla ya Kombe la Dunia la 1970, mwalimu João Saldanha aliondolewa kazini, na miongoni mwa mambo yaliyotangulia kuondolewa kwake ni ubishi juu ya mshambuliaji Dario, aliyependwa na mtawala wa nchi, Jenerali Médici. Mario Zagallo akashika nafasi yake, Dario akaitwa kikosini, na Brazil ikachukua kombe. Lakini Dario hakuchezeshwa katika mashindano hayo hata mchezo mmoja. Mkuu alipata jina katika orodha. Mwalimu akabaki na uwanja.

Nimeleta mifano hii miwili kwa sababu inaonyesha kwamba kuchagua mwalimu na kuchagua wachezaji si mambo mawili. Ukimchagua mwalimu bila kumpa wachezaji wake, umechagua mtumishi wa kamati. Ukichagua wachezaji kwanza na mwalimu baadaye, umemtwika mgeni mzigo alioufunga mwingine. Msomaji na aliweke hili akilini, kwani tutakutana nalo tena Tukuyu.

Mara ya kwanza Tanzania ilipofika katika fainali za Mataifa ya Afrika, mambo yalikwenda kwa maelewano yaliyo nadra. Zambia ilifungwa bao 1-0 Dar es Salaam, kisha huko Ndola mwaka 1979 mchezo ukaisha 1-1, bao letu likiwa la Peter Tino. Nyuma ya timu ile walisimama watu wawili, Slawomir Wolk kutoka Poland na Mtanzania Joel Bendera. Katika fainali za Nigeria za mwaka 1980 timu ilifungwa na wenyeji 3-1, ikafungwa na Misri 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Baada ya hapo ilingoja miaka 39.

Katika muda huo wa kungoja ndipo jambo kubwa lilipotokea katika nyanda za juu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa wilaya ya Rungwe, mji wa chai, ndizi na mvua isiyojua msimu wa kukoma, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Ilikuwa imepanda daraja punde tu, na huo ndio ulikuwa msimu wake wa kwanza miongoni mwa wakubwa. Mashabiki waliiita Banyambala, jina la Kinyakyusa lenye maana ya wanaume. Kabla ya hapo Mseto ya Morogoro ilikwisha kuonyesha mwaka 1975 kwamba bingwa aweza kutoka nje ya Dar es Salaam, lakini Morogoro si mbali na pwani kama Rungwe ilivyo.

Natamani msomaji alitafakari jambo hili kwa utulivu. Vijana wale walipatikana bila mwalimu wa kigeni, bila kamati ya kusaka vipaji, bila kambi ya hoteli. Walikuwa wakionana kila wiki, wakicheza pamoja katika hewa ya baridi na uwanja uliolowa, na waliokuwa wakiwatazama walikuwa watu waliowajua tangu utoto. Kuchagua kwa namna hiyo huchukua miaka, wala hakuna mtu anayekuita kuchagua. Lakini ubingwa ndio uliothibitisha kwamba jicho la Tukuyu lilikuwa limeona sawasawa.

Je, yalifuata nini? Timu haikudumu kileleni. Ilishuka, na wachezaji wake wakatawanyika kufuata vilabu vyenye fedha na sauti. Sekilojo Chambua, mmoja wa viungo mashuhuri wa nchi hii, alipitia Tukuyu Stars kabla ya kwenda Yanga, na jina lake likakaa katika timu ya taifa ya miaka ya 1990. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia. Kijana wa nyanda za juu aliyetaka kuvaa fulana ya taifa ilimpasa kwanza avae ya njano au nyekundu. Wengine watasema hiyo ni haki, maana mchezaji hodari hana budi kupimwa mbele ya wahodari wenzake. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Nusu nyingine yanisumbua, kwa sababu mchezaji aliyehamia Dar es Salaam hakuwa amebadilika miguu njiani. Kilichobadilika ni mahali alipotazamwa.

Mwaka 2006 alikuja Marcio Maximo wa Brazil, na safari hiyo nchi ilipata mwalimu mwenye kutaka uhuru kama wa Ramsey. Alikuwa na kibali cha wakuu, na Rais Jakaya Kikwete mwenyewe alionyesha wazi kuiunga mkono kazi yake. Akamwacha nje ya kikosi Juma Kaseja, mlinda mlango ambaye wengi walimhesabu kuwa wa kwanza nchini. Kelele zilikuwa nyingi viwanjani na magazetini, wala hakuyumba. Aliipeleka timu katika fainali za mwaka 2009 za wachezaji wa ndani ya Afrika huko Ivory Coast, na hiyo haikuwa kazi ndogo. Alipoondoka mwaka 2010, Jan Poulsen wa Denmark alimrudisha Kaseja, na mwezi Desemba mwaka huo Tanzania ikatwaa Kombe la Chalenji jijini Dar es Salaam kwa kuifunga Ivory Coast bao 1-0. Bao hilo lilikuwa la penalti, na mpigaji alikuwa Shadrack Nsajigwa. Jina lake ni la Kinyakyusa. Maana yake ni aliyebarikiwa. Klabu yake ilikuwa Yanga.

Sasa tufike mwaka 2014, ambao kwangu mimi ndio kiini cha habari hii. Uongozi mpya wa TFF chini ya Jamal Malinzi ulianzisha mpango ulioitwa wa maboresho ya timu ya taifa. Watu waliopewa jina la wang'amuzi wa vipaji walitumwa mikoani kutazama vijana wasiojulikana. Kwa mara moja jicho lilitoka Dar es Salaam, likapanda mlima. Vijana waliochaguliwa walikusanywa kambini, na mahali palipochaguliwa kuwa kambi palikuwa Tukuyu. Sijui kama waliopachagua waliikumbuka Banyambala, au walivutiwa tu na hewa nzuri. Lakini kwa mtu anayeipenda historia lilikuwa jambo la kufurahisha, timu ya taifa kulala katika mji uliowahi kuwashinda mabingwa wote.

Aliyekuwa na vijana hao ni Salum Mayanga, ambaye alikuwa akiishika timu baada ya kuondoka kwa Kim Poulsen. Tangu Machi waliamka na ukungu, wakafundishwa, wakapunguzwa, na waliobaki wakachanganywa na wachezaji wa Ligi Kuu. Tarehe 26 Aprili, 2014, siku ya kuadhimisha miaka 50 ya Muungano, timu iliingia Uwanja wa Taifa kucheza na Burundi. Ikafungwa mabao 3-0.

Mwezi ule ule wa Aprili alitangazwa mwalimu mpya, Mart Nooij wa Uholanzi. Tarehe 4 Mei aliiongoza timu katika uwanja wa Sokoine, mjini Mbeya, ikacheza na Malawi, nayo ikatoka suluhu bila bao. Mei na Juni Zimbabwe ikatolewa kwa ushindi wa 1-0 Dar es Salaam na sare ya 2-2 Harare, kisha Msumbiji ikatutoa sisi. Katika michezo hiyo mabao yalifungwa na akina John Bocco, Nadir Haroub, Thomas Ulimwengu, Khamis Mcha na Mbwana Samata, watu ambao taifa lilikuwa limekwisha kuwajua kabla ya ukungu wa Tukuyu. Mpango wa maboresho ulififia, na wengi wa vijana wa kambi ile walirudi walikotoka.

Wako waliofanya mzaha juu ya mpango huo, wakasema timu ya taifa haiokotwi vijijini. Mimi sioni kwamba kosa lilikuwa katika kwenda vijijini. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa kazi. Vijana walichaguliwa na wang'amuzi, wakafundishwa na mwalimu wa muda, kisha wakakabidhiwa kwa mtu wa tatu ambaye hakuwa amewachagua wala kuwafundisha, naye alikuwa na mashindano mbele yake ndani ya wiki chache. Mart Nooij angeweza kuwa mtu mwema kuliko wote, asingaliacha kumchukua Bocco anayemjua kila mtu, akamwacha kijana ambaye habari zake zimo katika daftari la mwingine. Kamati ya Waingereza wa zamani ilikuwa imerudi kwa jina jipya, ingawa kwa nia iliyo bora zaidi. Tena vijana wenyewe walidaiwa katika wiki chache kile ambacho Tukuyu Stars ilikijenga kwa miaka.

Na ajabu ni hii, ambayo wakati ule haikusemwa vya kutosha. Msimu ule ule wa 2013/14, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka kwenye kambi, Mbeya City ilikuwa ikicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa timu ya halmashauri ya jiji, iliyoanzishwa mwaka 2011, na mwalimu wake alikuwa Juma Mwambusi. Ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Mwambusi hakuwa na hadhi ya mng'amuzi wa taifa, lakini alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo: aliwachagua vijana wasiojulikana, akawafundisha yeye mwenyewe, akawachezesha yeye mwenyewe, na makosa yake yakarudi kwake Jumamosi iliyofuata. Nathubutu kusema kwamba kama fedha za kambi zingalitumika kumweka mtazamaji mmoja mwaminifu katika kila uwanja wa mkoa kwa miaka mitano, pasingalihitajika kambi.

Atatokea msomaji wa kuuliza: kwa nini mkoa uwe na dai lo lote juu ya timu ya taifa? Timu si bunge. Kiti cha Rungwe hakimo uwanjani, wala cha Mufindi au Njombe, na mchezaji haitwi kwa ajili ya kuwakilisha kabila lake. Hoja hii ni ya haki, nami naiheshimu. Mwalimu anayegawa nafasi kwa mikoa atafungwa, na atastahili kufungwa. Lakini dai la nyanda za juu halikuwa dai la nafasi. Lilikuwa dai la kutazamwa. Kati ya mambo hayo mawili kuna tofauti kubwa, na wengi wa wanaobishana juu ya orodha za timu huyachanganya. Mwaka 2018 Emmanuel Amunike wa Nigeria aliwaondoa kikosini wachezaji kadhaa wa Simba kwa kuchelewa kufika kambini, na nchi ikazizima. Yule aliyekuwa hajatazamwa hata mara moja hakuzizimiwa na mtu. Amunike ndiye aliyeifikisha timu katika fainali za Misri za mwaka 2019, ikafungwa michezo yote mitatu, na kazi yake ikaisha.

Iringa nimeigusa kidogo tu, na ni haki kuirudia. Lipuli, ambayo mashabiki wake huiita Wanapaluhengo, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017. Mwaka 2019 katika uwanja wa Samora iliitoa Yanga kwa mabao 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, kisha ikafungwa 1-0 na Azam katika fainali iliyochezwa Lindi. Mwalimu wake alikuwa Selemani Matola, kiungo wa zamani wa Simba. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Ni hadithi ya Tukuyu tena, kwa kipimo kidogo: klabu ya nyanda za juu huwaka kwa msimu mmoja au miwili, mwanga wake ukaonekana hadi pwani, kisha hukosa mafuta ya taa.

Ihefu ilielekea kuwa tofauti. Ilichukua jina la kinamasi cha Usangu kinachoulisha mto Ruaha Mkuu, na ilicheza Ubaruku, wilaya ya Mbarali, katikati ya mashamba ya mpunga. Tarehe 29 Novemba, 2022, katika uwanja wa Highland Estates, iliifunga Yanga 2-1 na kuukatisha mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga haikufungwa. Lakini mwaka 2024 klabu ilihamishiwa Singida, ikaitwa Singida Black Stars, na watu wa Mbarali wakabaki na uwanja.

Mwaka 2024 katika fainali za Ivory Coast, Adel Amrouche alifungiwa na CAF mashindano yakiwa yanaendelea, na timu ikabaki mikononi mwa Mzanzibari Hemed Suleiman, ambaye aliifuzisha pia kwa fainali zilizofuata. Mwezi Novemba 2025, zikiwa zimesalia wiki chache tu kabla ya fainali hizo za Morocco, TFF iliachana naye. Kwa mara nyingine mwalimu mmoja aliijenga timu na mwingine akaja kuichezesha. Aliyeitwa ni Miguel Gamondi wa Argentina. Aliifikisha Tanzania katika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa sare mbili za 1-1 na Uganda na Tunisia, kisha ikafungwa bao 1-0 na Morocco mwanzoni mwa Januari 2026. Hawakuitafuta ng'ambo klabu waliyomtoa Gamondi. Alikuwa akifundisha Singida Black Stars, ile iliyokuwa Ihefu ya Mbarali.